Neno Letu Lililopaa Kutoka Ngomeni

Hotuba iliyotolewa ufukweni Malindi jioni ya Sikukuu ya Jamhuri, 12 Desemba 2025, kabla ya watu kutazama anga kwa darubini.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Ndugu zangu wavuvi mlioacha kazi ya usiku mkaja kuketi nasi mchangani, ahsanteni sana. Na ninyi watoto mliojipanga hapo mbele, naona macho yenu yako kwenye darubini, hayako kwangu. Mna haki. Nitasema yangu kisha nitawapisha.

Nianze na marehemu baba.

Baba alikuwa mvuvi wa Ngomeni. Katika hadithi zake za baharini ilikuwemo moja ambayo tulimsihi airudie kila mara. Alikuwa ngalawani na mwenzake, mchana, maji yametulia, akaona moto unainuka kutoka kwenye yale majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini. Moto ulipanda kimya. Ulipokuwa umeshakuwa kitone tu, ndipo ngurumo ikawafikia, na mbao za ngalawa zikatetemeka. Sisi watoto tulipenda hasa hapo pa ngurumo kuchelewa. Tukamwuliza, "Kilikwenda wapi, baba?" Akajibu, "Kilikwenda juu." Akanyamaza, maana hakuwa na la kuongeza.

Miaka ikapita. Niko chuo kikuu, nasoma fizikia, nimefungua kitabu cha Kiingereza kinachoeleza nyota zinazotoa eksirei. Katikati ya ukurasa, baina ya hesabu na majina ya kigeni, nikakutana na neno la Kiswahili. Uhuru. Nikarudi mwanzo wa aya nikasoma tena pole pole. Satelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco, pale Ngomeni, pwani ya Kenya, na jina lake ni Uhuru.

Nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo. Nilikuwa nimesoma shule ya msingi nikitembea kwa miguu mahali ambapo jambo hilo lilitokea, nikasoma sekondari, nikafaulu fizikia, na sikuwahi kulisikia. Roketi kadhaa zilirushwa pale kati ya 1967 na 1988, na baba hakuweka tarehe ya mchana wake. Lakini swali lake lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa limechapishwa kwa lugha asiyoisoma, likikaa katika maktaba asizoweza kuingia. Alizikwa bila kulipata.

Leo ni miaka 55 kamili tangu siku ile. Ndiyo maana niliomba tukutane leo, wala si siku nyingine.

Sasa, kwa nini hapa? Kwa nini watu watoke Italia na Marekani waje kusimamisha vyuma katika Ghuba ya Ungwana? Mzee mmoja aliniuliza hivyo mchana wa leo nikamwahidi jibu. Dunia inajizungusha, na aliyesimama karibu na ikweta anabebwa nayo kwa mwendo wa mita 465 hivi kila sekunde, kuelekea mashariki. Hatuhisi kwa sababu kila kitu kinabebwa pamoja nasi. Ukirusha mkuki ukiwa juu ya mashua inayokwenda mbio, mkuki unapata nguvu ya mkono wako na mwendo wa mashua kwa pamoja. Roketi ikirushwa hapa kuelekea mashariki inapata mwendo wa bure kutoka kwa dunia yenyewe. Na mbele yake ni bahari tupu, kwa hiyo vipande vinavyoachwa njiani havimwangukii mtu. Mhandisi Mwitalia, Luigi Broglio, aliliona hilo mapema, na kituo kile leo kinaitwa kwa jina lake.

Kuna sababu nyingine, nayo ndiyo iliyokuwa muhimu kwa Uhuru. Juu ya angahewa kuna mikanda ya chembechembe kali zilizonaswa na usumaku wa dunia, na juu ya Atlantiki ya Kusini mikanda hiyo inashuka chini zaidi. Chembe zile zikigonga kifaa cha kupima eksirei, kinachanganyikiwa. Satelaiti inayozunguka juu ya ikweta huikwepa sehemu kubwa ya balaa hilo. Kwa hiyo mahali petu palifaa kuliko mahali pengi duniani.

Uhuru yenyewe haikuwa kubwa. Uzito wake ulikuwa kilo 140 na kitu, gunia moja na nusu la mahindi. Aliyesimamia kazi yake kwa upande wa NASA, shirika la anga la Marekani, alikuwa mama mmoja mhandisi, Marjorie Townsend, na ndiye aliyeipa jina hilo, kwa kuwa ilirushwa siku ya kuadhimisha uhuru wa wenyeji wake. Wasichana mlio hapa, lishikeni jina la mama huyo.

Eksirei mnazijua hospitalini, zile zinazopenya nyama na kuonyesha mfupa. Nyota nazo zinazitoa, lakini angahewa yetu inazizuia zisitufikie, na ni heri, maana zingetudhuru. Anayetaka kuziona hana budi kupanda juu ya hewa. Kabla ya 1970 wanasayansi walikuwa wakirusha roketi ndogo zinazopanda, zinachungulia kwa dakika chache, zinaanguka. Ni sawa na kujaribu kuijua Malindi kwa kufungua dirisha mara moja na kulifunga. Uhuru ilikaa huko juu, ikajizungusha taratibu, mzunguko mmoja kila dakika 12 hivi, ikipekua anga ukanda kwa ukanda. Fikirieni mnara wa taa wa baharini uliogeuzwa kazi yake: badala ya kutoa mwanga, unaupokea.

Ilifanya hivyo hadi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei.

Hiyo 339 ni namba tu, na namba haimkeshezi mtu. Niwaambie viwili kati ya vyanzo hivyo.

Cha kwanza kiko upande wa kusini, kinaitwa Centaurus X-3. Uhuru iliona kinapiga kama mshipa wa moyo, pigo moja kila sekunde 4.8. Halafu, kila baada ya siku mbili na kitu, kinapotea kwa saa kadhaa na kurudi. Wanasayansi wakakaa wakafikiri. Kitu kinachopotea kwa ratiba kinafichwa na kitu kingine. Zilikuwa nyota mbili zinazozungukana! Moja ni kubwa, hai. Nyingine imekufa na kujisokota hadi upana wake haufiki mbali zaidi ya kutoka hapa tulipo hadi Gede na kidogo mbele, lakini uzito wake unalizidi jua. Hiyo maiti ya nyota inamnyonya mwenzake gesi, gesi inaporomokea juu yake kwa kasi ya kutisha, inapata joto la mamilioni ya digrii, na joto hilo ndilo linalotoa eksirei. Wanaiita nyota ya nyutroni.

Cha pili kinaitwa Cygnus X-1. Mliofika mapema niliwaonyesha upande wake, kaskazini-magharibi, chini chini, kabla hakijatua. Hiki hakina pigo la mpangilio. Kinamemeteka ovyo, haraka kuliko kufumba na kufumbua jicho. Na kitu kinachoweza kubadilika chote kwa muda mfupi hivyo lazima kiwe kidogo, maana hata mwanga unahitaji muda wa kuvuka kutoka upande huu wake hadi upande wa pili. Wakatafuta kwa darubini za kawaida mahali pale, wakakuta nyota kubwa ya samawati inayoyumbishwa na mwenzake asiyeonekana, mzunguko mmoja kwa siku 5.6. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vinasema huyo asiyeonekana ana uzito wa majua 21, na yuko umbali wa miaka ya nuru 7,000 na zaidi, yaani mwanga wa huko unasafiri miaka hiyo yote ndipo utufikie. Kitu kizito hivyo, kidogo hivyo, kisicho na mwanga wake. Hicho ni shimo jeusi, ambamo hata mwanga hautoki, na ndilo la kwanza ambalo wanasayansi walilikubali.

Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Ndugu zangu, njia ya binadamu kwenda kulijua shimo jeusi ilipita Ngomeni. Ilianzia kwenye maji ambayo baba zetu walitega madema. Na kwa zaidi ya nusu karne habari hiyo imekwenda dunia nzima ikirudi kila mahali isipokuwa nyumbani. Sitafuti wa kumlaumu mbali. Sisi tuliosoma tukaijua, tukaifanyia mitihani, tukapata vyeti, tukarudi kijijini kula samaki, hatukuisema. Mimi ni mmoja wao. Nilirudi likizo mara ngapi baba akiwa hai? Nilimweleza habari za chuo, za chakula, za mabweni. Nilidhani sina maneno ya Kiswahili ya kumwelezea nyota ya nyutroni. Leo nimewaeleza kwa dakika mbili, na sikuona uso uliopotea.

Mara yangu ya kwanza kubeba darubini hadi kijijini nilifanya kosa jingine. Nilisimama nikazungumza dakika arubaini, mabilioni kwa mabilioni, galaksi kwa galaksi. Watu waliniheshimu wakanyamaza. Nilipomaliza, mama mmoja akainua mkono akauliza, "Mwalimu, ile nyota ya alfajiri na ile ya magharibi, ni moja?" Ni moja, mama, ni Zuhura. Lakini ona: yeye peke yake, bila kitabu, alikuwa ameilinganisha miezi na miezi, akashuku. Alikuwa na sayansi yake tayari, na mimi nilimpitia juu kama ndege.

Tangu siku hiyo naanza na yale watu waliyo nayo, na pwani hii inayo mengi. Mvuvi akisema kesho ni bamvua, ametabiri mpangilio wa dunia, jua na mwezi: mwezi mwandamo na mwezi mpevu vinavuta maji kwa mstari mmoja na jua, na mwezi nusu unavuta upande wake, ndipo tunapata maji mafu. Kila mwisho wa Shaabani mji mzima unasimama kutazama magharibi kuutafuta uzi wa mwezi. Saa zetu tunazihesabu tangu jua kuchomoza, jambo linalowezekana kwa sababu tuko karibu na ikweta na mchana wetu karibu haubadiliki. Na mwaka 1498, kutoka bandari hii hii, rubani wa Bahari ya Hindi alimwongoza Vasco da Gama hadi Calicut, India, chini ya mwezi mmoja. Hapa Malindi, digrii 3 kusini ya ikweta, Nyota ya Kaskazini haionekani, iko chini ya upeo. Mabaharia wakielekea kaskazini walingoja ichomoze, kisha wakapima kwa kibao na uzi wa mafundo imepanda vidole vingapi, wakajua wamefika wapi. Wareno wenyewe waliandika kwamba siku chache baada ya kuondoka hapa waliiona tena nyota hiyo.

Halafu kuna Kilimia. Geukeni kidogo kaskazini-mashariki. Kile kikundi kidogo cha nyota, kama punje za mchele zilizomwagika. Wazee wanajua usemi wake: Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Jina lenyewe limetoka kwenye kulima. Waxhosa wa Afrika Kusini wanakiita isiLimela, Wasotho Selemela. Jina moja, kutoka hapa hadi mwisho wa bara, kwa watu ambao mababu zao waliagana zamani sana na kila mmoja akaondoka na Kilimia chake. Mwezi Mei jua linapita upande wake, hatukioni, na Juni kinarudi alfajiri. Mkulima aliyekingoja alikuwa na kalenda.

Mwanga mnaouona pale umesafiri kama miaka 440. Ulipoanza safari, Mreno alikuwa hajaweka jiwe la kwanza la Fort Jesus, kazi iliyoanza 1593. Umekuwa njiani wakati wote huo, Mreno akajenga ngome, Mwomani akaja, Mwingereza akaja, wakaondoka, na umefika usiku huu ndani ya jicho lako wewe.

Niseme neno juu ya hofu, kwa sababu tarehe 7 Septemba mwaka huu mwezi ulipatwa wote, kutoka saa 2:30 usiku hadi saa 3:52, ukawa mwekundu kama kaa la moto. Nilikuwa nje na darubini. Nyumba nyingine zilifunga watoto ndani. Wengi mliswali swala ya kupatwa kwa mwezi, na mlifanya vyema. Wenye dini yetu tunajua kwamba Mtume, alipofiwa na mwanawe Ibrahim na jua likapatwa siku ile ile, aliwaambia watu kwamba jua na mwezi havipatwi kwa sababu ya kufa wala kuishi kwa mtu. Aliikata hofu hiyo akiwa na msiba wa mwanawe. Na wekundu ule ni nini? Dunia imekaa baina ya jua na mwezi, kivuli kimeufunika mwezi, lakini hewa yetu inapindisha mwanga kidogo ukapenya pembeni, na ni ule mwekundu tu unaobaki. Ukiwa mwezini wakati ule ungeiona dunia nyeusi yenye pete ya moto: ni mawio yote na machweo yote ya dunia kwa wakati mmoja, ndiyo yaliyoangukia mwezi tuliokuwa tukiutazama. Mtoto aliyefungiwa chumbani alinyimwa hicho. Wazazi wenzangu, mwezi ukipatwa tena, watoeni. Jua ndilo msilitazame kwa macho matupu, hata likipatwa; hapo nawasihi msifanye mzaha. Tarehe 21 Mei 2031 jua litapatwa kwa umbo la pete, na njia yake itapita Tanzania. Miwani ya kazi hiyo tuanze kuitafuta mapema, si wiki ile.

Nina ombi pia kwa wenye hoteli na wenye nyumba za ufukweni. Taa zenu nyingi zinamulika juu, ambako hakuna mgeni wala mwizi. Zifunikeni zimulike chini. Mtaokoa umeme, mtatuachia nyota, na kule Watamu vifaranga vya kasa vinavyotoka mayaini usiku vitaona baharini kunakong'aa badala ya kufuata balbu hadi barabarani. Mwaka 2029, tarehe 13 Aprili, mwamba wa angani unaoitwa Apophis, upana wake zaidi ya mita 300, utapita kilomita 32,000 hivi kutoka juu ya ardhi. Hautatugonga, hilo limehakikishwa. Utaonekana kwa macho kutoka Afrika kama nyota inayotembea. Ningependa pwani iwe na giza la kutosha kuuona.

Sasa tuje kwenye darubini, maana watoto wameanza kunitazama vibaya.

Sayari ya Zohali iko karibu utosini, imeanza kuinamia magharibi. Mwaka huu pete zake zimetukalia ubavu. Upana wake wote ni zaidi ya kilomita 270,000, lakini unene ni wa makumi ya mita tu, kwa hiyo zikiwa ubavu zinaonekana kama uzi uliopitishwa kwenye ushanga. Galileo aliziona 1610 asielewe ni nini, na 1612 zikamkalia ubavu hivi hivi, zikapotea kabisa machoni pake, akafadhaika. Miaka inayokuja zitafunguka tena. Mtoto wa miaka saba anayeuona uzi leo, akirudi akiwa na miaka kumi na mitano ataona pete pana, na atajua kwamba ni Zohali iliyosogea katika njia yake ya kulizunguka jua.

Hapo nyuma kidogo, katika kijiji kimoja, msichana aliangalia Zohali kwenye darubini hii, akanyamaza, akatoka, akazunguka hadi mbele ya bomba akalichungulia kioo. Nikamwuliza anatafuta nini. Akasema, "Natazama kama mmebandika picha." Akarudi nyuma ya mstari, akangoja zamu yake upya, akaangalia mara ya pili. Safari hii alikaa sana, na waliokuwa nyuma yake wakaanza kulalamika, nami nikawaambia wamwache. Yeyote miongoni mwenu anayetaka kuchungulia mbele ya bomba kwanza, achungulie. Asiguse kioo tu.

Saa mbili na nusu sayari ya Mshtarii itachomoza mashariki, na kufikia saa tatu na nusu tutaiona na miezi yake minne kwa mstari. Atakayeweza kubaki, abaki, chai ipo. Na kesho usiku, baada ya saa nne, tandikeni mkeka mahali penye giza, mlale chali. Ni usiku wa vimondo vya Geminidi. Dunia inapita katika vumbi lililoachwa na mwamba uitwao Phaethon, na kila chembe inaingia hewani kwa kilomita 35 kwa sekunde, inawaka, inakwisha. Mwezi hautachomoza hadi baada ya saa saba, kwa hiyo giza lipo. Darubini haihitajiki, wala ada, wala mwalimu.

Bwana Nahodha, naomba uzime ile taa ya mashua. Shukrani. Watoto watangulie, wakifuatiwa na wazee wenye kuumwa miguu, kisha sisi wengine. Fumba jicho moja, usishike bomba, na ukiona, sema unachokiona kwa sauti, wa nyuma yako asikie.